Vumbi Chini ya Nyuzi

Mtu akiniletea udi, ile ala ya nyuzi ya taarabu, niutengeneze, mara nyingi haniambii ukweli wote. Ataniambia kigingi kimelegea, uso umepata ufa, au "hauleti sauti nzuri siku hizi, fundi". Mimi huupokea, nikaupakata, nikainama kutazama pale chini ya nyuzi, baina ya kibao zilipofungiwa na lile tundu kubwa. Kitambaa cha kufutia hakifiki hapo. Nikikuta vumbi limeganda kama ukoko wa wali, najua udi huu haujapakatwa tangu mfungo ule wa nyuma. Kisha naangalia shingo. Udi unaopigwa huwa na njia yake: vidole vinapokanyaga, mbao imelainika na kung'aa, na karibu na tundu risha, kile kijiti cha kupigia nyuzi, imeacha mikwaruzo. Udi usiopigwa hung'aa mwili mzima kama kabati la bibi harusi.

Nimekuwa fundi na mwalimu wa udi hapa Mji wa Kale, Mombasa, kwa miaka zaidi ya ishirini, na wanafunzi wangu karibu wote ni watu wazima wenye shughuli zao: karani, dereva wa matatu, mama mwenye duka la nguo, mzee aliyestaafu bandarini. Hakuna hata mmoja anayetaka kula kwa udi. Wanautaka kwa sababu wanaupenda, basi. Kwa hivyo swali ninalolijua kuliko mengine ni hili: kwa nini mtu anakipenda kitu kweli, anatoa pesa zake, anaanza kwa moto, halafu kitu kinaishia uvunguni? Najibu kwa udi, maana ndio ninaoujua. Mwenye kamera, cherehani au kalamu ya khati atajipimia mwenyewe.

Watu husema hamu imewaishia. Siamini hivyo. Ninavyoona mimi, kinachowatoa ni sikio.

Udi hauna vile vyuma vya kuonyesha mahali pa kidole kama gitaa. Shingo ni tupu. Wa kwangu una nyuzi 11, jozi tano na mmoja wa peke yake wa sauti nzito, na urefu wa uzi unaotetema ni kama sentimita 61. Sasa chukua uzi uliolinganishwa kwa noti ya re. Piano inagawa sauti hatua 12 mpaka urudi ulipoanzia. Nadharia ya muziki wa Kiarabu inazigawa 24. Makamu ni mpangilio wa noti ambao wimbo hujengwa juu yake. Makamu ya Bayati ikianzia kwenye re, noti yake ya pili si mi, wala si mi iliyoshushwa nusu. Iko katikati. Kwenye ule uzi, mi iliyoshushwa iko kama sentimita 3.4 kutoka mwanzo wa uzi, mi yenyewe iko kama 6.7, na ile yetu ya Bayati iko karibu 5, na wapigaji wengi huishusha kidogo tena. Ukikosea nusu sentimita tu, mzee aliyekulia kwenye taarabu atakunja uso huko barazani bila hata kujua kwa nini.

Mwezi wa kwanza mwanafunzi hajui kama anakosea. Anabonyeza popote, anasikia udi, anafurahi. Anatuma sauti kwa ndugu zake Ughaibuni. Vidole vinamuuma, lakini wiki ya tatu au ya nne sugu zimeota, anazionyesha kama medali. Kisha, mwezi wa pili au wa tatu, jambo linatokea. Sikio linakomaa. Linaanza kuisikia ile katikati, na linasikia kwamba kidole hakipo hapo. Mkono haujaharibika, upo vilevile, pengine umesonga mbele kidogo. Ila sikio limeuacha mbali. Mwanafunzi ananijia ameshusha mabega: "Mwalimu, nilikuwa naweza, sasa nimerudi nyuma."

Hajarudi nyuma. Lakini jaribu kumwambia hivyo mtu aliyetoka kazini saa kumi na mbili, akavuka na feri ya Likoni amesimama, akafika nyumbani akapiga dakika kumi na zote zikamsikitisha. Udi unarudi kwenye boksi. Boksi linaingia uvunguni. Ndipo vumbi linapoanza.

Kwa hiyo kazi yangu ya kweli si kufundisha makamu. Ni kuwavusha watu ile miezi mitatu minne ambayo sikio liko mbele na mkono uko nyuma. Na zamani nilikuwa naifanya vibaya. Nilikuwa nawaambia saa mbili kila siku, kama nilivyoambiwa mimi nilipokuwa kijana asiye na mke wala kodi ya nyumba. Alikuwako mama mmoja muuguzi, sikio lake kali kuliko la wote niliowahi kuwafundisha. Akija hajafanya mazoezi nilimkaripia. Mara ya tatu alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Shukran, mwalimu," akafunga mfuko wake. Hakuja tena. Kila nikikutana naye Marikiti namsalimia, naye ananiitikia kwa heshima, na mimi ndiye ninayetazama chini.

Siku hizi nataka robo saa. Na sitaki mtu aniambie "kila siku saa moja usiku", maana saa moja usiku ina wageni, ina umeme kupotea, ina mtoto na hisabati zake. Ninamtaka aifunge robo saa ile kwenye jambo ambalo tayari analifanya. Mmoja wa wanafunzi wangu huendesha mashine ya kunyanyua makontena pale Kilindini. Wiki hii zamu ya usiku, wiki ijayo ya mchana. Ukimwambia saa maalumu unamchekesha. Yeye aliifunga kwenye viatu. Akivua buti za kazi, kabla ya kuoga, anaushika udi. Mkewe alilalamika mwanzo kwa sababu ya jasho, nami namuelewa. Baadaye akazoea, na sasa akisikia buti zimeanguka na udi haujalia, anauliza kuna nini.

Katika hiyo robo saa, nusu yake ni kulinganisha nyuzi. Wanafunzi huona hii ni hasara, wanataka kuwasha programu ya simu imalize kwa dakika moja. Nawakataza, angalau kwa jozi tatu. Kuzikalisha nyuzi mbili mpaka zisikike kama moja ndilo zoezi kubwa la sikio lililopo, na halina aibu, kwa sababu huko hakuna wimbo wa kuharibu. Siku uliyochoka kabisa, linganisha tu, kisha urudishe udi mahali pake. Hiyo nahesabu siku.

Mahali pake, lakini, si ndani ya boksi. Hapa ndipo ninapogombana na wanaopenda vitu visafi. Udi ulio kwenye boksi unahitaji uamuzi: nifungue, nisifungue? Udi ulio ukutani karibu na kiti unahitaji mkono tu. Najua hoja ya pwani yetu, unyevu na chumvi, nami ndiye ninayezitibu mbao hizo. Utundike ukuta wa ndani, mbali na dirisha na jua. Masika vigingi vinavimba na kukwama. Pakaza sabuni kavu kidogo. Kaskazi hewa ikikauka vinalegea na kuteleza, pakaza chaki. Hayo ni madogo. Nimetengeneza udi nyingi zilizokaa ukutani. Zile za uvunguni nyingine nimezikuta mchwa wameshazianza.

Pesa sitasema sana. Usinunue udi wa ghali kwa kudhani gharama itakulazimisha kupiga, haitakulazimisha; itakufanya uuogope. Risha wazee walichonga kwa unyoya wa tai. Siku hizi wengi tunakata ile mikanda ya plastiki ambayo mafundi umeme hufungia nyaya, tunailainisha ncha, na inalia vizuri sana. Ingia duka lolote la vifaa vya umeme, nunua pakiti moja, itakutosha miaka.

Wapo watakaoniuliza habari ya ala na dini. Hilo ni baina yako na shekhe wako, mimi si mtu wa kulifungua hapa. Ninachojua ni kwamba Ramadhani karibu wanafunzi wangu wote huuweka udi chini, na nawaambia walegeze nyuzi kidogo, hatua moja au mbili hivi, ili uso wa mbao upumzike. Na wajipangie kabisa siku ya kuzikaza tena. Asiyejipangia, Mfunguo Mosi unampita, Mfunguo Pili unampita, na mimi naanza kumsubiri na udi wake wenye vumbi.

Linalosaidia kuliko yote hayo ni kudaiwa. Kila Alhamisi baada ya isha watu wanne watano hukaa karakana kwangu, kuna kahawa chungu na kashata, na kila mmoja lazima aje na kipande. Kipande chenyewe kidogo, sekunde ishirini zinatosha, lakini kiwe cha wiki hii. Hakuna anayepewa alama wala hakuna anayepigiwa makofi. Ila usipokuja, watu wanauliza uko wapi, na yule kijana wa kahawa naye anauliza. Nimeona mtu mgumu kuamka kwa ajili ya nafsi yake akiamka kwa kuogopa kijana wa kahawa.

Na neno "nimechelewa" naomba tuliache. Siti binti Saad alihamia mjini Unguja mwaka 1911 akiwa na umri wa miaka thelathini hivi, mtoto wa wafinyanzi aliyekuwa akiuza vyungu, na huko ndiko alikojifunza muziki. Mwaka 1928 alikuwa Bombay anarekodi santuri. Sisemi mwanafunzi wangu wa miaka hamsini atarekodi. Nasema mkono wa mtu mzima unafundishika. Nimeishika hiyo mikono.

Mwaka jana alikuja bwana mmoja, mfanyakazi wa benki, na udi wenye vumbi la kutosha kupandia mchicha. Alisema ni kigingi. Nikamtengenezea kigingi, nikabadilisha nyuzi, nikafuta. Alipokuwa analipa akauliza, kama mtu anayeuliza habari ya jirani: "Na mtu akitaka kurudi, aanzie wapi?" Nikamwambia wiki nzima alinganishe tu, halafu Alhamisi aje na noti tatu za mwanzo za Bayati, tatu peke yake.

Alhamisi akaja, amevaa shati la kazi bado. Alisubiri wengine wote wamalize. "Mwalimu, yangu mbaya kuliko nilivyoiacha," akasema. Nikammiminia kahawa, nikamwambia hebu piga. Akapiga re, akapiga ile ya pili. Ilikuwa juu kidogo, kama milimita nne tano hivi. Nilitaka kusema, lakini uso wake ulikuwa umeshakunjika kabla ya wangu, na kidole chake kilikuwa tayari kinarudi nyuma kuitafuta.