Eneo la moshi mdogo: halmashauri hulipangaje?

Eneo la moshi mdogo ni sehemu ya mji ambayo magari yenye injini chafu yanakatazwa kuingia, au yanaingia kwa kulipa. Gari linalofikia kiwango cha usafi wa moshi kilichowekwa linapita bure. Miji ya Sweden, Stockholm ikiwemo, ilitangulia mwaka 1996 kwa malori na mabasi ya dizeli. London walianza 2008, nao kwa malori, wakabana zaidi 2019, na Agosti 2023 masharti hayo yakaenea jiji zima: gari dogo lisilofikia kiwango hulipa pauni 12.50 kwa siku.

Tuchukue mfano wa jiji la Mwanza. Kazi huanza kwa vipimo. Vifaa hufungwa kandokando ya barabara, vikapima chembechembe ndogo zinazofika ndani kabisa ya mapafu, na gesi ya naitrojeni dayoksaidi inayotoka kwenye injini, hasa za dizeli. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unataka wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 za chembechembe hizo kwa kila mita ya ujazo ya hewa, na 10 za gesi hiyo. Sambamba na hapo magari yanahesabiwa: aina, mafuta, umri. Bila hesabu hiyo utamwandama bodaboda kumbe mkosaji ni Fuso. Kwa Mwanza kuna vumbi la barabara za mitaani na moshi wa mkaa pia, vitu ambavyo mpaka wa magari hautavigusa.

Kisha unachorwa mpaka, na hapo ndipo penye kazi. Lori linalotoka Musoma kwenda Shinyanga halina shida na mtu wa mjini, linapita tu. Ukifunga katikati ya jiji bila kuyapa malori njia nyingine, unauhamishia moshi mtaa wa jirani. Barabara ya mchepuko ya Kisesa hadi Usagara inafaa hasa kwa kazi hii. Lakini Mwanza mjini ni halmashauri mbili, Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela. Jiji likipanga peke yake, mpaka wake utaishia karibu na Kirumba, na watu wa Kirumba watashangaa kwa nini malori yote yamehamia kwao. Barabara zenyewe nyingine ni za TANROADS, wakala wa barabara kuu, nyingine za TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, na leseni za daladala ziko LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Wote hao lazima wakae meza moja kabla kibao cha kwanza hakijasimikwa.

Mimi ningeanza na malori na daladala, magari binafsi yafuate baadaye. Daladala tayari ina leseni inayotaja njia yake, hivyo sharti la injini linaweza kuongezwa leseni inapohuishwa, bila kamera hata moja. Ila mwenye Hiace anayelipa mkopo apewe muda, na muda wenyewe ni miaka, si miezi. Gari la wagonjwa na la zimamoto huachwa nje ya masharti tangu mwanzo.

Linabaki swali la kulitambua gari chafu. London kamera husoma namba na kuzilinganisha na kumbukumbu za usajili; Ujerumani ni stika kwenye kioo, jambo ambalo dereva wa Tanzania ameshalizoea kwa stika za Nenda kwa Usalama. Tatizo la kwetu ni kwamba mwaka wa gari unaweza kudanganya. Gari lililotoka Japani na eksozi nzima linaweza kuwa lilishang'olewa masega, yale yanayosafisha moshi, yakauzwa kwa sababu ya madini yaliyomo. Kwenye kumbukumbu bado linaonekana safi. Kwa hiyo kipimo cha moshi kwenye eksozi yenyewe, pale barabarani, kingefaa kuliko kamera, mradi tu mkaguzi anayekishika asipokee hela ya soda.