Makapi ya Miwa na Kuvu Mla Mahema

Jioni pale Forodhani, Unguja, muuza juisi huupitisha mua mashineni mara tatu, mara nne, umekunjwa na ndimu na tangawizi. Makapi yanayotoka upande wa pili hutupwa. Mimi huyafuata hayo na gunia langu.

Utamu haujaisha mle. Makapi yamejaa selulosi, nayo selulosi ni chembe za sukari ya glukosi kwa maelfu, zimeshikana mnyororo. Ulimi hauionji, na hamira haiwezi kuigeuza ethanoli, yaani spiriti ya kuwasha moto au kuendeshea injini, mpaka mnyororo ukatwe.

Fundi wa kuukata ni kuvu aitwaye Trichoderma reesei. Alipatikana Visiwa vya Solomon wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akiozesha mahema na nguo za pamba za jeshi la Marekani. Kuvu hana meno. Hutema vimeng'enya, yaani protini za kuvunjavunja chakula, nje ya mwili wake, chakula kikayeyuka, ndipo akakifyonza. Kimeng'enya kimoja hukata mnyororo katikati, cha pili huumega kutoka nchani glukosi mbili mbili, cha tatu huzitenganisha pacha hizo. Hicho cha tatu Trichoderma hukitoa kwa uchache, na pacha zikirundikana kazi yote huzorota. Kwa hiyo huongezewa kimeng'enya cha Aspergillus niger. Joto la nyuzi 50 huvifaa sana, lakini hamira ingekufa humo, basi naisubirisha mpaka mchanganyiko upoe. Hata mambo yakienda sawa kabisa, gramu 100 za glukosi hazitoi zaidi ya gramu 51 za ethanoli. Zilizobaki ni hewa ya ukaa.

Naulizwa sana: mbona si makumbi ya nazi, yamejaa tele? Nilijaribu. Niliyasaga, nikayatia vimeng'enya, siku tatu nikapata sukari ya kulambia tu. Ningewauliza kwanza kina mama wa Paje na Jambiani. Wao huyafukia makumbi ufukweni miezi kadhaa. Wakiyafukua na kuyatwanga, kilaini kimeoza lakini usumba, zile nyuzi za makumbi, u mzima, tayari kusokotwa kamba. Kinachoulinda ni lignini, gundi ya mti, na makumbi yanayo nyingi kuliko makapi. Kuilegeza hutaka kuchemsha kwa magadi makali ya sabuni, kisha maji yake hayamwagwi ovyo. Kwa maoni yangu makumbi tuwaachie wasokota kamba.

Makapi nayo huyachemsha, ila kwa magadi machache. Kwanza lakini nayaanika usiku uleule nilipoyachukua. Yakilala mbichi guniani, asubuhi ukungu mwingine umeshaanza kula.