Kwa Nini Mwanasesere Hulazwa Kwenye Kitanda cha Upasuaji

Kufuatia malalamiko ya baadhi ya ndugu wa wagonjwa kwamba waliona mwanasesere akisukumwa kuelekea chumba cha upasuaji huku mjamzito wao akisubiri, kitengo chetu cha ganzi na usingizi kimeona ni vyema kutoa ufafanuzi. Mwanasesere huyo hutumika kama mgonjwa wa bandia katika mazoezi ya timu ya kukabili dharura za upasuaji wa uzazi. Mazoezi hayo hufanyika chumba kikiwa hakina mgonjwa, na husitishwa mara moja dharura ya kweli inapoingia.

Ganzi ya mgongo, yaani sindano ya mgongoni inayoondoa maumivu wakati wa upasuaji, ni salama kwa akina mama walio wengi. Mara chache hupanda kupita kiwango kilichokusudiwa: mama husema mikono imekuwa mizito, sauti yake hufifia ikabaki mnong'ono, presha hushuka, na pumzi humwishia. Mtaalamu wa usingizi anaweza kufanya kazi miaka mingi asikutane na hali hiyo, na siku atakapokutana nayo hatapata nafasi ya kufungua kitabu. Moyo ukisimama, mmoja hukandamiza kifua na mwingine husukuma mji wa mimba upande wa kushoto ili mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni usibanwe. Mapigo yasiporejea ndani ya dakika 4, upasuaji wa kumtoa mtoto huanza palepale mama alipolala, kwa lengo la mtoto kuwa nje kufikia dakika ya 5.

Katika zoezi mojawapo nililosimamia, daktari alisema, "Leteni adrenalini," yaani dawa ya kuamsha moyo, na watu wakabaki wakitazamana, kila mmoja akidhani ametumwa mwenzake. Tuliporudia, alimtaja muuguzi kwa jina, naye akarudia dawa na kipimo kwa sauti kabla ya kuivuta kwenye bomba la sindano.

Kila mshiriki hutia saini daftari la mahudhurio, timu hukaa kujadili, na msimamizi hujaza fomu ya dosari katika nakala mbili. Asiyehudhuria mara mbili bila sababu ya maandishi huondolewa kwenye zamu za upasuaji hadi atakapofanya zoezi.

Lipo jambo moja ambalo mazoezi hayawezi kulitibu, nalo ni kufichwa kwamba mama amekula. Chai ya maziwa ni chakula, na uji ni chakula, hata mama akinyweshwa kidogo tu ndani ya bajaji akiletwa kutoka Chanika. Tumelisema hili mara nyingi. Kwa upasuaji uliopangwa, chakula chepesi husimamishwa walau saa 6 kabla na maji matupu saa 2, isipokuwa ameelekezwa vinginevyo. Aliyekwisha kula kabla ya upasuaji wa dharura aseme wazi. Hatanyimwa huduma, bali timu itajiandaa kuzuia chakula kisipande kikaingia kwenye mapafu.