Kihispania cha kamera si Kiingereza kilichovaa kanzu

Wengi wanaamini kuwa lugha ya sinema duniani kote ni Kiingereza, hivyo anayetafsiri maneno ya kamera kutoka Kihispania hana kazi kubwa: akikuta neno lenye sura ya Kiingereza, aliache lilivyo. Hapo ndipo anapoteleza.

Chukua "travelling". Mhispania analitumia kwa picha inayopigwa kamera ikisogea juu ya reli au kigari. Lina kila dalili ya Kiingereza, lakini mpiga picha wa London halitumii. Yeye husema "tracking shot" au "dolly shot". Wafaransa nao husema "travelling". "Voz en off", yaani sauti ya msimulizi asiyeonekana, kwa Kiingereza ni "voice-over". Hatari zaidi ni "script". Huko Uhispania, "la script" ni mtu: yule anayehakikisha kikombe kilichokuwa mkono wa kulia hakihamii kushoto picha inayofuata. Mswada wenyewe huitwa "guion". Ukikosea hapo, umemgeuza mfanyakazi kuwa karatasi!

"Plano americano" nayo, picha inayomkata mtu mapajani au magotini, hutafsiriwa "American shot". Si kosa, ila kwenye seti utasikia zaidi "cowboy shot" au "medium long shot".

Yapo yasiyo na mtego, kama "zoom". Mengine yote, mtafsiri aangalie kwanza kinachofanyika mbele ya lenzi, ndipo atafute wanavyokiita wenye kazi yao.