Je, wajua ni nani hasa anayeongoza shule ya serikali Lubumbashi?

Muulize mzazi wa Katuba, mtaa mmoja wa mji huu wa Kongo, mtoto wake anasoma shule ya nani, atakujibu: ya serikali. Soma kibao cha mlangoni, utakuta ni ya Wakatoliki, ya Wamethodisti au ya Wakimbangu. Mwalimu aliye darasani analipwa kutoka Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa. Darasa la pembeni lilijengwa kwa michango ya wazazi, na ada za sekondari zinapangwa kwa hati ya gavana. Wote hao wana neno lao katika shule moja. Lakini mtoto akirudi nyumbani na bulteni mbaya, yaani ripoti ya alama, hutapata hata mmoja wa kusema kwamba jambo hilo linamhusu.

Mpangilio huu una historia ndefu. Mwaka 1906 Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II ilitia sahihi mapatano na Vatikani: misheni zipewe ardhi, nazo zifungue shule. Kwa karibu miaka 50 baada ya hapo, mtoto Mwafrika wa Katanga alisomeshwa na mapadre, masista na wachungaji. Watoto wa wafanyakazi wa mgodi walikuwa na shule za kambi za Union Minière. Shule za serikali zisizo za dini, kwa watoto Waafrika, zilianza kufunguliwa katikati ya miaka ya 1950, wakati Auguste Buisseret alipokuwa waziri wa makoloni kule Ubelgiji. Kwa hiyo uhuru ulipofika mwaka 1960, serikali ilirithi nchi ambayo shule zake nyingi hazikuwa mikononi mwake.

Mwishoni mwa mwaka 1974 Mobutu alizitaifisha. Serikali haikuziweza, na tarehe 26 Februari 1977 ikasaini mkataba na makanisa, yaani Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu. Waislamu na jumuiya nyingine waliingia kwa mikataba yao. Kazi ziligawanywa hivi: serikali inabaki mwenye shule, inapanga masomo, inakagua na kulipa walimu, kanisa linaendesha shule, linapendekeza walimu na kumweka direkta. Hizo ndizo shule za konvansione, na mpaka leo watoto wengi wa shule za msingi za umma nchini wanasoma humo.

Hapo ndipo ngazi zilipokuwa mbili. Direkta wa shule ya Kikatoliki ya Kenya au Kamalondo, mitaa ya Lubumbashi, anaripoti kwa koordinasio, ofisi ya shule ya uaskofu mkuu, na papo hapo anaripoti kwa sudivizio, ofisi ya serikali iliyo chini ya Proved, mkuu wa elimu wa jimbo. Akitaka kumtoa mwalimu mlevi anaandika barua huku na huku. Kila ngazi ina wafanyakazi wake, karatasi zake na mafuta ya gari yake, na kwa miaka mingi gharama hizo zote zilitoka katika mfuko mmoja: wa mzazi.

Watu wengi hawalijui jambo hili, ingawa linaeleza mengi kuliko hotuba yoyote. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, serikali ya Zaire iliposhindwa kulipa na walimu kugoma, makanisa na wazazi walikubaliana kwamba mzazi atoe kitu kidogo kumshikilia mwalimu asikimbie. Ndiyo primu. Ilikusudiwa iwe ya muda, ikadumu zaidi ya miaka 25. Lubumbashi primu iliuma kwa namna yake, kwa sababu miaka ileile Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, nayo ilikuwa inaanguka, na baba aliyezoea kampuni kumsomeshea watoto alijikuta hana mshahara na anadaiwa primu. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa mpango wa kuacha kazi kwa hiari. Watoto wao hawakuacha kuhitaji shule.

Na primu haikuwa peke yake. Kulikuwa na minervali, yaani ada rasmi ya shule, bima ya kampuni ya SONAS, pesa ya bulteni, pesa ya mtihani. Pesa hizo hazikubaki zote shuleni. Sehemu ilipanda: koordinasio ilipata yake, sudivizio yake, divizio ya jimbo yake, na nyingine ilifika Kinshasa. Katika nchi nyingi ofisi ya juu huipelekea shule pesa. Hapa shule ndiyo iliyozilisha ofisi za juu. Direkta aliyemfukuza mtoto darasani kwa sababu ya primu mara nyingi hakuwa na roho mbaya; naye alikuwa na mkubwa aliyesubiri fungu lake. Na ofisi inayoishi kwa ada za shule haina haraka ya kuifunga shule mbovu.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 43, ilisema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Maneno hayo yalingoja miaka 13. Septemba 2019, chini ya Rais Félix Tshisekedi, primu ilifutwa katika msingi nchi nzima, na watoto waliokuwa wamekaa nyumbani wakarudi kwa mamilioni. Nasema wazi: uamuzi ule ulikuwa wa haki, na anayetaka primu irudi hajawahi kumwona mtoto wa miaka minane amesimama nje ya uzio akisikiliza wenzake wakiimba jedwali la kuzidisha.

Lakini primu ilipoondoka, ilitakiwa serikali ijaze nafasi yake yote, na hapo tunakutana na listingi.

Listingi ni orodha ya mishahara inayotoka Kinshasa. Zamani ilikuwa ya SECOPE, siku hizi ofisi inaitwa DINACOPE. Kila mstari una jina la mwalimu, namba yake ya matrikuli na daraja lake, kwa mfano D6 kwa aliyemaliza sekondari kwa diploma ya taifa. Aliye kwenye listingi analipwa. Asiyekuwemo anafundisha bure, hata kama anakuja kila asubuhi na chaki mkononi. Wanaitwa N.U., yaani walimu wapya ambao bado hawajaingizwa. Tuseme shule ina madarasa 12 na walimu 12, na wanane ndio walio kwenye listingi. Kabla ya 2019 primu iligawanywa kwa wote 12. Baada ya 2019 wale wanne wakabaki mikono mitupu, na madarasa yao yakafurika kwa sababu watoto wamerudi. Darasa la watoto 100 na zaidi likawa la kawaida. Mwalimu wa N.U. anafundisha asubuhi, mchana anauza makaa au anaendesha pikipiki, na madaftari 100 hayasahihishwi.

Shule nzima nayo inaweza kukosa listingi. Ili serikali ilipe, shule inahitaji hati ya kuitambua, kisha namba ya kuingizwa kwenye mashine ya mishahara, kisha nafasi katika bajeti. Watu husema shule imemekanizwa. Mlango ni Kinshasa, na mlango wenye watu wengi nje na bawabu mmoja ndani huzaa rushwa. Mwaka 2020 wakaguzi wa fedha wa serikali, IGF, walikuta katika mishahara ya elimu shule na walimu wasiokuwepo. Yaani jina la mtu ambaye hayupo lilikuwa linalipwa, na mwalimu aliyepo hana jina. Juni mwaka huohuo Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 800 kuunga mkono elimu ya msingi ya bure, pamoja na mishahara. Mlima wa pesa ulikuwepo. Shida ilikuwa njia ya kuushusha. Oktoba 2021 walimu waligoma mwanzoni kabisa mwa mwaka wa masomo, na watoto wa bure wakakaa bure nyumbani.

Matokeo ya haya yote yanaonekana katika usomaji. Benki ya Dunia inakadiria kwamba kati ya watoto 100 wa Kongo wenye umri wa miaka 10, watoto 97 hawawezi kusoma andiko rahisi na kulielewa. Lubumbashi kuna sababu nyingine juu ya wingi wa watoto: sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inaruhusu kufundisha kwa lugha za taifa, Kiswahili kikiwemo, lakini shule nyingi za mjini zinaanza na Kifaransa tangu siku ya kwanza, kwa sababu wazazi wenyewe wanakipenda. Mtoto anajifunza herufi na lugha ngeni kwa mara moja, akiwa wa 87 katika darasa. Anamaliza msingi, anapewa cheti cha mtihani wa taifa, na barua ya shangazi bado hawezi kuisoma.

Ndugu zetu waliohamia Marekani wanashangaa wakifika kule. Shule za umma za mji mdogo zinasimamiwa na wilaya ya shule yenye halmashauri yake, ambayo mara nyingi inachaguliwa na wakazi, inamwajiri mkurugenzi na inatoza kodi ya nyumba na viwanja. Mzazi asiporidhika anajua mlango wa kugonga. Lakini kila mtaa unasomesha kwa utajiri wake. Katika San Antonio, Texas, mwishoni mwa miaka ya 1960, wazazi maskini wa wilaya ya Edgewood walijitoza dola 1.05 kwa kila dola 100 za thamani ya mali, wakapata dola 26 kwa mwanafunzi. Matajiri wa Alamo Heights walijitoza senti 85 tu, wakapata dola 333. Wazazi wa Edgewood walienda mpaka Mahakama Kuu ya nchi, na mwaka 1973 walishindwa kwa kura 5 dhidi ya 4. Tukiiga mpango huo kama ulivyo, watoto wa Golf, mtaa wa matajiri wa Lubumbashi, watasoma na wa Katuba watakaa chini.

Katiba yetu ilifikiria njia ya kati. Kifungu cha 204 kinaweka elimu ya msingi na ya sekondari katika kazi za jimbo, kwa kufuata kanuni za taifa, na cha 175 kinasema jimbo libaki na asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa humo. Haut-Katanga, jimbo letu la Lubumbashi, lenye shaba na forodha ya Kasumbalesa mpakani na Zambia, lingekuwa na uwezo wa kulipa kila mwalimu wa N.U. aliyeko. Asilimia 40 haijawahi kubaki kama ilivyoandikwa. Kilichofika chini ni fungu la mgodi: sheria ya madini ya mwaka 2018 inagawa mrabaha asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komine (manispaa) au sekta (eneo la vijijini) yenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kwa ile 15 komine inaweza kujenga madarasa mazuri ya matofali ya kuchoma na mabati mapya. Haiwezi kumwingiza mwalimu kwenye listingi.

Mzazi ana kiti kidogo katika haya yote, nacho mara nyingi kinakaa kitupu. Kila shule inatakiwa kuwa na kamati ya wazazi, KOPA, na baraza la uendeshaji, KOJESI, ambamo mzazi anakaa pamoja na direkta na walimu. Baraza hilo ndilo linalopaswa kuona daftari la fedha na pesa ya uendeshaji inayotoka serikalini. Kwa hiyo uliza mambo matatu bila ugomvi: walimu wangapi wa shule hii wako kwenye listingi, pesa ya uendeshaji ya mwisho iliingia lini na ilinunua nini, na kwa sekondari, hati ya gavana ya ada za mwaka huu iko wapi, kwa sababu kinachozidi kiwango chake hakina haki ya kudaiwa. Ukipewa jibu la kwanza, liandike na ulipeleke kwa katekista au mchungaji na kwa ofisi ya sudivizio siku ileile, ili ngazi zote mbili ziwe na karatasi moja. Mkutano wa wazazi wa Septemba ndio mahali pa kuanzia.