Goti la mguu wa mbele linapouma: maswali ya mrushaji kijana wa kriketi

Nina miaka 17 na ninarusha mipira ya kasi. Goti la mguu ninaotua nao linauma mbele, chini kidogo ya kile kifupa cha duara. Ni nini?

Kwanza onyesha maumivu yalipo. Ukiweza kuyagusa kwa ncha ya kidole kimoja, palepale chini ya kilegesambwa (pia ya goti), uwezekano mkubwa ni kano. Ni ukanda mfupi na mgumu unaotoka ncha ya chini ya kilegesambwa hadi kwenye kinundu kilicho juu ya muundi. Nguvu yote ya misuli ya mbele ya paja hupita hapo kabla ya kufika mguuni. Ukihitaji kiganja kizima kuonyesha panapouma, tatizo huenda likawa kwenye kiungo kilicho nyuma ya kilegesambwa, na matibabu yake hayafanani na haya.

Maumivu ya kano yana tabia zake. Huanza mwanzoni mwa mazoezi, hupungua mwili ukishapata joto, kisha hurudi jioni au kesho yake asubuhi unaposhuka ngazi. Ukikaa kwenye kiti muda mrefu huku goti limekunjwa, linakuwa gumu unaposimama. Ukilala hayasumbui. Kadiri kazi inavyoongezeka, kutoka kutembea hadi kuruka, ndivyo yanavyopanda, lakini hayahami mahali.

Mbona mguu wa mbele tu?

Mrushaji wa mkono wa kulia hutua na mguu wa kushoto kabla ya kuachia mpira. Wakati huo mguu hupokea kishindo kinachoweza kufika mara 5 ya uzito wa mwili au zaidi, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kwa kijana wa kilo 60, hiyo ni sawa na kilo 300. Misuli ya paja hukaza ili goti lisikunjike, na kano ndiyo inayovutwa. Ova moja ni mipira 6, kwa hiyo ova 6 ni kutua mara 36, bila kuhesabu mipira iliyokosewa na ile ya kupasha mwili joto.

Usijaribu kubadilisha mtindo wako wa kurusha ili kuliepusha goti. Mwili utahamishia mzigo kiunoni, na mifupa ya sehemu ya chini ya mgongo kupata nyufa ni jeraha linalojulikana sana kwa warushaji vijana wa kasi. Mtindo ukihitaji marekebisho, yafanywe na kocha wakati huna maumivu.

Mwanangu ana miaka 13, na kinundu cha juu ya muundi kimevimba na kinauma kikiguswa. Ni tatizo hilohilo?

Hapana, ingawa ni jirani yake. Katika umri huo sehemu dhaifu ni gegedu la ukuaji pale kano inaposhikia mfupa, wala si kano yenyewe. Hali hiyo huitwa Osgood-Schlatter, na huwapata zaidi watoto wanaorefuka haraka. Ikitokea kwenye ncha ya chini ya kilegesambwa huitwa Sinding-Larsen-Johansson. Mpunguzie idadi ya mipira, mbio na kuruka mpaka maumivu yawe madogo na yaishe kufikia kesho yake. Aendelee na mambo yasiyomuumiza. Kwa kawaida hali hiyo hutulia mifupa inapokomaa, ingawa kinundu kinaweza kubaki bila madhara. Programu ya uzito mkubwa iliyoelezwa hapa chini si yake. Yeye apangiwe mazoezi na mtaalamu wa fiziotherapia.

Mzazi, zingatia hili: mtoto wa miaka 10 hadi 16 anayechechemea na kulalamika goti huku goti lenyewe halina kasoro, huenda ugonjwa uko kwenye nyonga. Mlaze chali, kunja nyonga na goti, kisha zungusha paja taratibu kuelekea ndani. Likigoma au likimuuma, mpeleke hospitali siku hiyohiyo na asiukanyagie mguu huo. Kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuwa kimeteleza, na kila hatua anayopiga inaweza kuzidisha madhara.

Nikipumzika mwezi mzima, si itapona?

Utapata nafuu, kisha ova za kwanza tu maumivu yatarudi. Kano hujijenga kwa kuvutwa. Isipovutwa inalegea, na misuli ya paja inanyauka pamoja nayo. Ukirudi uwanjani mzigo ni uleule wa zamani, lakini goti limedhoofika. Hivyo ndivyo wengi wanavyozunguka mwaka mzima kati ya kupumzika na kuumia tena. Unachotakiwa kusimamisha ni kile kinachoumiza, yaani kurusha kwa kasi, kuruka, na kukimbia kwa nguvu kisha kusimama ghafla. Kazi ya nguvu inayokwenda polepole iendelee.

Nianze na mazoezi gani?

Anza na kukaza bila kusogea. Funga mkanda mpana usiovutika kwenye nguzo imara, uupitishe nyuma ya miguu yote miwili, chini tu ya mikunjo ya magoti. Rudi nyuma hadi ukaze, kisha shuka kama unayekaa kitini, muundi ukiwa wima na mgongo ukiwa umenyooka. Shikilia sekunde 45, pumzika dakika 2, rudia mara 5. Fanya hivyo mara 1 au 2 kwa siku. Kosa la kawaida ni kutumia mkanda wa mpira unaovutika, kwa kuwa unakunyima mzigo. Jingine ni kushuka kidogo mno, hata ukaweza kupiga soga wakati unashikilia. Sekunde 10 za mwisho ziwe ngumu kweli. Wengi hupata nafuu ya saa kadhaa baada ya zoezi hili, japo si wote. Usipoipata, usikate tamaa, maana kazi kubwa iko kwenye hatua inayofuata.

Baada ya wiki 1 au 2 ingia kwenye uzito mkubwa unaokwenda polepole, siku 3 kwa wiki, ukiacha siku moja katikati. Tumia mashine ya kusukuma uzito kwa miguu, au chuchumaa mguu mmoja mbele, mwingine ukiwa juu ya benchi nyuma yako. Hesabu sekunde 3 kushuka na 3 kupanda, seti 4, pumziko la dakika 2 hadi 3. Anza na uzito unaoweza kuunyanyua mara 15 tu. Wiki ya 2 na 3 ongeza kilo, ushuke hadi marudio 12. Wiki ya 4 na 5 yawe 10, wiki ya 6 hadi ya 8 yawe 8, na kuanzia ya 9 hadi ya 12 yawe 6. Asiye na mashine avae mkoba wa mgongoni uliojazwa mchanga na aongeze mchanga kadiri anavyoimarika. Mara ya kwanza simamiwa na mtu anayejua kazi hiyo.

Fanya mguu mmoja mmoja. Hapa ndipo programu nyingi zinapoharibika. Ukitumia miguu yote miwili, ule mzima hubeba sehemu kubwa bila wewe kujua. Kilo zinapanda kwenye daftari na paja la mguu mgonjwa linabaki jembamba.

Usiisahau misuli ya shavu la mguu na matako. Pima pia kifundo cha mguu. Weka kidole gumba cha mguu sentimita 10 kutoka ukutani, kisha sogeza goti liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka. Ukishindwa, au upande mmoja ukiwa umepungukiwa waziwazi, fanya kazi ya kukilegeza kila siku. Kifundo kigumu hakifyonzi kishindo, na goti ndilo linalolipia.

Nitajuaje kama nimezidisha?

Chagua kipimo kimoja na ukirudie kila asubuhi: simama kwa mguu mgonjwa juu ya ubao ulioinama mbele, kunja goti taratibu, kisha yape maumivu alama kati ya 0 na 10. Wakati wa mazoezi, maumivu ya hadi 3 yanakubalika. Lililo muhimu zaidi ni alama ya asubuhi inayofuata. Ikiwa imerudi ulipokuwa jana, mzigo ulikufaa. Ikiwa imepanda, punguza uzito au mipira ya kipindi kijacho, lakini usifute mazoezi yote. Kano huchelewa kulalamika. Ndiyo maana kujisikia vizuri ukiwa bado uwanjani hakuthibitishi chochote.

Nirudi kurusha lini?

Mguu mgonjwa ukishafikia angalau asilimia 90 ya nguvu za mwenzake, na kuruka kwa mguu huo kusipopandisha alama ya asubuhi. Kabla ya mpira, pitia hatua ya kuruka: siku 1 ya kuruka, siku 2 bila kuruka. Anza na miguu yote miwili, mara 10 kwa seti 3, kisha mguu mmoja, kisha mbio fupi zinazoishia kwa kutua na mguu wa mbele.

Wiki ya kwanza ya kurusha, mipira 12 hadi 18 kwa siku 2 zilizoachana, mbio fupi, nguvu nusu. Ongeza idadi ya mipira kwanza, halafu urefu wa mbio, na kasi iwe ya mwisho. Usiongeze viwili kwa wiki moja. Kama neti zenu (sehemu ya mazoezi iliyozungushiwa nyavu) zina sakafu ya zege iliyofunikwa mkeka mwembamba, tafuta nyasi. Kwa kijana aliyeumwa miezi mingi, safari yote huchukua miezi 3 hadi 6, wakati mwingine zaidi, na ni heri kocha aambiwe hivyo mapema.

Ova ngapi ni nyingi mno?

Bodi ya Kriketi ya England na Wales imetumia kwa miaka mingi mwongozo huu kwa warushaji wa kasi: chini ya miaka 13, ova 5 kwa mkupuo na 10 kwa siku, chini ya 14 na 15, ova 6 na 12, chini ya 16 hadi 19, ova 7 na 18. Uliwekwa hasa kulinda mgongo, lakini goti nalo hunufaika. Tatizo ni kijana anayechezea shule, klabu na timu ya mkoa, ambapo kila kocha huhesabu ova zake peke yake. Weka daftari lako mwenyewe na uandike kila mpira, hata wa neti. Hatari kubwa huja wiki hesabu inaporuka ghafla, hasa mara tu baada ya likizo.

Barafu, dawa, mkanda wa goti, sindano?

Barafu hupoza maumivu, haijengi kano. Mkanda wa chini ya kilegesambwa huwasaidia baadhi, nao ni salama kuujaribu. Usimeze dawa ya maumivu ili uweze kurusha, maana unazima king'ora unachokihitaji, na aliye chini ya miaka 16 asipewe aspirini bila agizo la daktari. Sindano ya steroidi ikatae mpaka umezungumza na daktari wa michezo. Nafuu yake ni ya wiki chache, matokeo ya baadaye huwa mabaya zaidi, na inaweza kuidhoofisha kano.

Dalili zipi haziwezi kusubiri?

Goti zima kuvimba ndani ya saa chache, mlio wa kukatika, kushindwa kuinua mguu ukiwa umenyooka, goti kukwama, homa, au maumivu yanayokuamsha usiku. Nenda hospitali.

Nikishapona niache mazoezi ya uzito?

Usiache. Msimu wote baki na siku 2 kwa wiki, seti 3 za uzito mkubwa. Yafanye siku ileile uliyorusha, baada ya kurusha, ili kesho yake kano ipate pumziko kamili. Usiyaweke siku moja kabla ya mechi.