Baba Bado Anapiga Besi: Maswali ya Afya ya Wanamuziki Wazee

Baba ana miaka 71, anapiga besi kwenye bendi Kariakoo. Funguo za nyumba anasahau alikoziweka, lakini nyimbo za zamani hakosei. Inakuwaje?

Kumbukumbu zipo za aina nyingi. Ufundi uliorudiwa maelfu ya mara hutunzwa na ubongo kwa njia tofauti na habari ya funguo, nao huchelewa kufutika. Mshike mkono wa kushoto uone zile sugu kwenye ncha za vidole: ni kazi ya miaka. Bendi ya Sikinde imepiga dansi tangu 1978, na bendi ya Msondo chimbuko lake ni NUTA Jazz ya 1964. Wakongwe wa bendi hizo hawakuuweka muziki chini, na hilo nalithamini sana. Ila mzee akianza kupotea njia ya kurudi nyumbani, besi isikufariji. Mpeleke hospitali.

Shoo inatosha kuwa mazoezi?

Inasaidia, haitoshi. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na waliofikisha miaka 65 waongeze mazoezi ya nguvu na ya kutoyumba siku 3. Atembee asubuhi kabla jua la Dar halijawa kali. Kama ana presha, asiruke dawa eti leo kuna shoo.

Masikio yake yanavuma akirudi usiku.

Hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Sauti ya desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti) sikio huivumilia kwa muda wa saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda unapungua nusu. Zikifika 100, zimebaki dakika 15, na dansi linakesha! Chembe za ndani ya sikio zikishakufa hazioti tena. Pamba haimkingi. Atafute vizibo vya wanamuziki, ambavyo hupunguza sauti bila kuharibu ladha ya muziki, asisimame mbele ya spika, na wakati wa mapumziko atoke nje kabisa. Akapimwe usikivu kila mwaka.

Mama naye anaimba taarabu, sauti imeanza kukwaruza.

Anywe maji, apashe sauti taratibu kabla ya kupanda jukwaani, na aachane na moshi wa sigara. Mkwaruzo ukipita wiki 3, amwone daktari wa masikio, pua na koo, hata kama yeye anasema tangawizi itamaliza.